Mutoto Aliyekalia Bashi

Furaha mujukuu wangu,

Huku Kalemie mvua ya kwanza imenyesha jana, na mugongo wangu umeanza kulalamika kabla sijashika jembe. Wengine wote wazima.

Unauliza watoto wadogo wana faida gani, maana wako wanakuchosha. Sikiliza. Wakati wa Zaire, mvua kama hii ilitukuta tumeanika ndagala kwenye muchanga wa ziwa, kazi yetu ya juma zima. Watoto wakubwa wakafagia samaki pamoja, tukazifunika na bashi ya plastiki. Kona tatu tukaziwekea mawe. Kona ya ine, mama yako, angali mudogo, alikuwa ameikalia, analia.

"Toka hapo, nitie jiwe!" nikapiga kelele.

Akagoma kabisa.

Upepo ukafika. Bashi za majirani zikaruka mpaka ziwani. Yetu ilijaribu kuinuka, ikamukuta pale, amekaa. Hakuna hata ndagala moja iliyolowa! Tulimubeba mabegani tukiimba mpaka nyumbani, naye bado analia.

Mpaka leo akikaa pahali, nani anamutoa?

Wabusu watoto, hata yule anayegoma. Yule zaidi.

Koko wako,
Mama Feza