Taa ya Stesheni ya Pili

Iwase, 3 Machi 2006

Mwanangu Fumie,

Hujambo huko Osaka? Mimi na mama yako hatujambo, ila theluji bado haijaisha. Treni yetu ilikwenda safari ya mwisho Jumanne. Njia itafunguliwa tena mwishoni mwa Aprili, lakini kwa tramu, na kipande cha karibu na mjini kitapita barabarani katikati ya magari. Huko leseni yangu ya treni haitoshi, kwa hiyo baada ya miaka thelathini na moja nafanya mtihani upya pamoja na vijana. Mama yako anacheka. Mimi naitaka kazi hii. Sitaki kuwatazama wengine wakiendesha kwenye njia yangu.

Baba yako

Osaka, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mwezi mzima kimya. Mama anasema ulirudi kutoka mtihani na hutaki kuulizwa. Umefeli kweli, wewe uliyenifundisha kuinyooshea taa kidole hata nikivuka barabara kwenda shule, wenzangu wakanicheka mpaka basi? Niambie mwenyewe.

Mwanao Fumie

Iwase, 9 Aprili

Mwanangu,

Mgongo mzima, asante. Ndiyo, nimefeli. Unaijua desturi yetu: dereva anainyooshea taa kidole na kutamka rangi yake kwa sauti. Siku ya mtihani nikiendesha tramu, tulipokaribia stesheni ya pili nikanyoosha kidole, nikatamka, "Kijani, twende." Mtahini akaniuliza, "Bwana Munakata, taa iko wapi?" Nikatazama. Mlingoti ulikwisha ng'olewa tangu Machi. Vijana nyuma wakakohoa. Aibu haijanitoka mpaka leo. Wamenipa nafasi nyingine Alhamisi.

Baba yako

Osaka, 11 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini unalala vizuri. Nenda Alhamisi. Ni mkono na mdomo vimezoea tu, na hakuna aliyeumia. Usiniambie Munakata mzima anashindwa na mlingoti.

Mwanao

Iwase, 30 Aprili

Fumie,

Sisi wazima, nawe uwe hivyo. Tramu zimeanza jana. Ni nzuri, hazina kelele, na wazee wanapanda bila ngazi. Tulipanda na mama yako, tukaketi nyuma.

Alhamisi ile nilikwenda, lakini kujiondoa. Watahini nao waliniambia kama wewe, kwamba ni mazoea tu. Hayo ndiyo yanayonitisha. Taa ile niliiita kijani kila siku, mara kumi na mbili. Nimejaribu kukumbuka japo siku moja niliyoitazama kweli, nimeshindwa. Nyuma yangu watu walisoma magazeti, wengine walisinzia, na ulipokuwa mdogo wewe ulikuwa miongoni mwao. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako