Wembe Wako, Baba Ngoie

Kamina, Jumapili

Baba Ngoie, mume wangu,

Jana mdogo wako Kabamba alifika kutoka Kaniama. Alikaa kwenye kiti chako nje, akavua shati, akaniambia nilete maji ya moto. Mkononi alikuwa na wembe wako, ule wa kukunja wenye mpini wa pembe, ulioachiwa na baba yenu. Ndugu zako waliuchukua siku ya matanga, pamoja na burashi na mukanda wa kunolea.

"Na minyi mdogo wake uninyoe," alisema, "vile ulikuwa unamunyoa yeye."

Nilielewa. Alikuwa anasema kwamba sasa minyi ni mke wake.

Niliweka maji motoni, nikakukumbuka. Tangu wagoni za treni zilipokuponda mkono wa kuume pale stesheni, hukutaka tena kuonekana na bantu. Ndevu zilikufunika uso. Minyi njo niliyeutoa wembe sandukuni, nikaunoa, nikakupaka povu. Nikakukata chini ya kidevu. Ukacheka, mara ya kwanza tangu ajali: "Mama Ngoie, weye unachinja kuku?"

Toka hapo kila Jumamosi ulikuwa unafumba macho na kusukuma shavu kwa ulimi ili wembe upite vizuri. Nilikuwa nasikia pumzi yako kwenye mkono wangu. Nilikuwa na furaha, na sikujua kwamba ile njo furaha.

Halafu ile homa. Ulipokufa walisema mwanamke asikuguse, watamwita kinyozi wa sokoni. Niliwaambia, "Ile sura njo naijua minyi." Wakaniacha. Nilipaka povu, nikafika kwenye shavu, nikangoja. Nilingoja ulisukume kwa ulimi. Baba Ngoie, nilingoja... Shavu halikuinuka. Nikalivuta kwa kidole, nikaendelea, kwa sababu povu lilikuwa linakauka.

Na huyu Kabamba ana kidevu kama chako. Hicho njo kiliniuma zaidi. Maji yalipochemka nilimpelekea, nikamwekea na kioo mbele yake.

"Shemeji," nilisema, "mikono yako iko mizima. Ujinyoe."

Alikasirika, akafungua kinywa anitukane. Kisha akajiona kwenye kioo. Alijitazama sana, akaanza kulia, muntu mzima vile, akiita jina lako. Aliondoka na ndevu zake, akauacha wembe juu ya kiti. Sijaugusa. Siwezi bado.

Najua ukoo hautaishia hapo. Watarudi pamoja na wazee, watasema nyumba haikai bila mwanaume, watasema Ngoie anahitaji baba. Ngoie ana baba. Analia akikuota, kisha ananiuliza kwa nini uliamka ukaenda.

Pumzika, mume wangu. Nimechoka, lakini hili nakuahidi: wakija wote, nitawajibu nikiwa nimesimama, na nitazeeka kwa jina lako.

Ni minyi,
Mama Ngoie