Hukuwa Ukiwinda Kanga

Abdi ndugu yangu,

Salaam aleikum huko uliko. Tangu tukuzike ni miezi minne. Mvua imenyesha, duka lako hapa mtaani Wabera sasa linaendeshwa na binti yako Halima, na wale vijana wa stendi bado wanakuita Mzee Kanga. Nimewakataza. Wamecheka. Nitawakataza tena.

Acha nikueleze yaliyotokea, pole pole, unavyonijua.

Ile ofisi ya wanajeshi wa zamani inatengeneza ubao wa majina ya waliojeruhiwa vitani Burma. Jina lako halimo. Nilipokwenda kuuliza, karani alinionyesha karatasi ile ile ya faili yako: alijeruhiwa paja akiwinda ndege. Kuwinda, Abdi! Wewe uliyeshindwa kumchinja hata kuku wa Idd mpaka uniite.

Kosa ni la neno moja. Ulipoandikisha jeraha lako ulisema kwa Kiswahili cha jeshini, "Nilipigwa na bunduki ya ndege." Mwandishi akaandika kwa Kiingereza, akidhani ni ndege wenye manyoya. Ukatia kidole gumba. Kisha ukaniletea karatasi nikusomee, na mimi... mimi nilicheka. Nikaisimulia barazani, nawe umekaa pale pale. Jina la Kanga lilitoka kinywani mwangu. Sikuwahi kukuomba msamaha. Naomba sasa, nimechelewa.

Nilimweleza karani kama ulivyonieleza tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Wajapani walikuwa na bunduki nyepesi za kutungulia ndege. Nyingine walizifunga melini, nyingine walizivuta nchi kavu kwa magurudumu. Ndege zisipokuja, wanalaza mtutu na kuwapiga wanaotembea. Kasha la risasi linachomekwa juu. Ulikuwa ukigonga meza kwa kijiko mpaka ishirini, kisha unanyamaza: wanabadilisha kasha. "Hapo ndipo unakimbia, Mwalimu. Si kabla." Siku uliyojeruhiwa ulikimbia mara tatu, kila mara ukimvuta mwenzako mmoja. Mara ya nne, kumbe kulikuwa na bunduki ya pili, inangoja kimya hicho hicho.

Karani alisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, hii faili imefungwa. Na mzee mwenyewe si ameshaenda?" Akajitolea kukuweka chini kabisa ya ubao, bila kutaja jeraha. Nikakataa. Nilimwambia aandike bunduki ya kutungulia ndege, maneno yote manne, au aache nafasi wazi watu waulize.

Ijumaa, baada ya swala, nilisimama barazani nikasema mimi ndiye niliyekudhihaki, na nilikosea. Wazee waliangalia chini. Kijana mmoja wa stendi akauliza, "Sasa Mwalimu, tumwite nani?" Nikamwambia, Koplo Abdi. Akalirudia, bila kucheka.

Karani siku hizi akiniona kwa mbali anajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Na atafute. Mimi nimefundisha hesabu za sehemu kwa watoto waliokuwa wakilia, yeye hanichoshi. Kila Jumatatu ofisi ikifunguliwa nitakuwa mlangoni, mpaka uandikwe na jeraha lako.

Mungu akulaze pema, Koplo. Kesho ni Jumatatu.

Ndugu yako,
Mwalimu