Pijo ya Baba Mbele ya Baa

Musoma, 9 Agosti 1988. Asubuhi ya mawingu na upepo wa ziwani.

Kaka Burito,

Watoto ni wazima, ila dagaa wameadimika sokoni Mwigobero. Mama amefua vitambaa vya viti vya Pijo ya Baba, kwa kuwa ulimwambia iko kwa fundi Mwanza.

Jana nilikuwa Bunda. Unajua gari la zamani halinipiti. Niliiona Volkswagen ya misheni, kisha, mbele ya baa, Pijo 404 yetu, mlango bado umebonyea pale alipoupiga fahali.

"Mama, unataka lifti?" aliniuliza aliyeshika usukani.

"Hii gari ni ya marehemu baba yangu."

"Basi baba yako sasa ni mimi," akacheka. "Kaniuzia Burito. Kasema matanga mlishaanua."

Muongo wewe! Kwetu hata jembe la marehemu haliguswi kabla ya matanga kuanuliwa. Jumamosi wazee wanakuja kuyaanua na kukukalisha kwenye kigoda cha Baba uwe mrithi wake. Ukija na Pijo, nitanyamaza. Ukishuka kwenye basi, nitasimama niseme yote, Mama akisikia.

Usimtume mkeo kunibembeleza.

Dada yako mpaka Jumamosi,
Benedikta