Amplifaya Iliyonguruma

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa Baba na Mama. Mimi ni mzima, ila mgongo ndio mkorofi. Huku tunavunja mashine kuukuu kutwa nzima. Kazi yangu ni kung'oa transfoma na kutenga shaba.

Nina habari itakayokufurahisha. Kuna mzee hapa tunamwita Miwani, anayepima vipuri vinavyofaa kuuzwa tena. Wakati wa kula amenieleza kichujio cha umeme ni nini. Kumbe miaka yote kwenye karakana ya Baba tulikuwa tunabadilisha kapasita kama mtu anayeshona viraka gizani! Anasema umeme ukitoka kwenye dayodi unakwenda upande mmoja, lakini kwa mawimbi, unapanda na kushuka. Ile kapasita kubwa ni pipa: umeme ukipanda linajaa, ukishuka linatoa kidogo kidogo, na mkondo unatulia. Pipa likikauka, mawimbi yanapita hadi kwenye spika, ndio ule mngurumo. Na ile kapasita ndogo ya spika ya sauti kali inafanya kinyume chake: sauti kali inaziruhusu, nzito inazifungia mlango. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Wewe ungeelewa kwa dakika moja.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Baba kifua kinambana, Mama anasema ule ushibe. Mimi na vitunguu vyangu sokoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Usinicheke, bado nayapenda mambo hayo, ingawa ni miaka tisa tangu Baba aninyang'anye funguo za karakana. Kwa kuwa umepata mwalimu, muulize jambo moja. Ile amplifaya ya mwalimu wa kwaya iliyonipasukia usoni. Ilikuwa ikinguruma, nikaitafutia kapasita mpya, volti zake nilizisoma mwenyewe, zilitosha. Nikawasha, nikainama kusikiliza kama mngurumo umeisha. Nilikosea wapi? Watu walisema kazi ya wanaume imenishinda, na Baba anasema hivyo hivyo mpaka leo. Kukaa na jicho moja nimezoea. Nisichozoea ni kutojua. Mkono wangu wenyewe siuamini tena.

Nijibu upesi.

Dada yako

14 Julai

Mdogo wangu,

Sijui kama barua yangu ilikufika. Baba ametutoka juzi mchana. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho. Karakana amemwachia binamu yetu, yule asiyejua hata kushika pasi ya kulehemu. Nilimwomba Baba angalau anipe kile kipimo cha umeme. Akanishika mkono, akasema, "Acha, mwanangu. Utalitoa na jicho la pili." Hakusema kwa ubaya.

Andika, hata mistari miwili. Mama anakuulizia.

Dada yako

9 Oktoba

Dada,

Shikamoo, na pole, na sijui nakusalimu kwa uso gani. Barua zako zote mbili zilinifika. Ile ya kwanza niliipata Aprili.

Nilimuuliza Miwani siku hiyo hiyo. Hata sijamaliza kusimulia, akanikatiza: "Nani aliigeuza?" Nikamwambia sielewi. Akachukua kapasita, akanionyesha mstari mweupe ubavuni. Upande huo ni wa hasi. Ukiiweka kinyume inachemka ndani kwa ndani, halafu inapasuka.

Dada, wewe uliipanga sawa. Ulipotoka mbele kumsikiliza mwalimu wa kwaya, uliniachia nilehemu. Mguu mmoja haukufika kwenye tundu lake vizuri. Nikaichomoa, nikaigeuza, ikakaa. Niliona ni sawa tu, kama mtu anayegeuza mto. Uliporudi uliwasha kwa kuniamini. Hukukosea popote.

Sitakudanganya kuhusu hii miezi. Kila siku ya mapumziko nilikaa na karatasi mbele yangu. Nilimwogopa Baba. Niliposoma kwamba amefariki nilisikia nafuu, kabla hata ya uchungu. Nimejichukia tangu hapo.

Nisamehe.

Mdogo wako

2 Novemba

Mdogo wangu,

Mvua imeharibu vitunguu, lakini tunakula. Mgongo wako kausugue kwa maji ya moto, usiuache.

Nilipomaliza kusoma, kwanza nilifurahi, nawe ujue hivyo. Nilisimama katikati ya soko nikasema kwa sauti, "Sikukosea!" Mwenzangu wa meza ya pili akadhani nagombana na mteja, akaja kunisaidia kugombana.

Kisha nikahesabu. Aprili, Mei, Juni. Baba alishinda pale mlangoni kila siku, masikio mazima. Ningemsomea.

Kuigeuza ile kapasita sikulaumu. Hukufundishwa, na wa kukufundisha nilikuwa mimi. Ile miezi mitatu ndiyo sijui niiweke wapi.

Barua yako nimemsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Akauliza, "Ya kwanza anasema aliipata lini?"

Nikamwambia Aprili.

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Nimemwita mara mbili aje kula.

Dada yako