Sentensi ya Nekesa

Jumatano.

Nilimwambia Nekesa aandike tu, "Napenda somo la jiografia." Mwalimu ametaka sentensi yenye neno hilo, na mimi niliyeishia darasa la pili ningejua nini zaidi?

"Aa, Mama, hiyo kila mtu ataandika." Akainama kidogo, kisha akanisomea yake: "Nikijua jiografia vizuri, nitafika peke yangu kwenye kaburi la Baba."

Ugali uliungua nikiwa nimesimama pale pale.

Tulipomsafirisha marehemu kwenda kuzikwa kwao Bungoma, mtoto alibaki hapa Makadara na jirani, anaugua surua. Na tangu nikatae kurithiwa, shemeji zangu hawataki kuniona.

Nawaogopa, Mungu wangu. Lakini shule zikifungwa tutakwenda. Wakinifukuza, wanifukuze. Mtoto hatafika pale peke yake.