Kamba za Mkono wa Kushoto

Jumapili, mawingu mazito

Nisamehe, daftari langu. Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa sijakufungua. Mchana shamba la pamoja, jioni mwanangu Atupele mgongoni na kikohozi chake. Leo nimekaa, ila nimekaa na hasira.

Mvua zimekaribia na kibanda chetu hakina paa la maana. Misumari haipatikani dukani, ndipo mwenyekiti akatangaza: kila mama alete kamba za miti, na atakayetangulia kuleta, nyumba yake itaezekwa kwanza. Nikaingia porini. Nikamenya magome ya miombo michanga, nikayaloweka mtoni chini ya jiwe yakalainika, nikachana nyuzi, nikasokota juu ya paja mpaka ngozi ikababuka.

Zikapotea uani.

Jana mkutanoni nikaziona. Wifi yangu, dada wa mume wangu, kazibeba kichwani, anapigiwa makofi. Mimi ni mashoto. Nasokotea paja la kushoto, kwa hiyo kamba zangu hujikunja kinyume cha za wanawake wote hapa.

Nikamwambia, "Wifi, hizo ni zangu."

Akacheka. "Kamba ina jina, Mama Atupele? Au umeizaa wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia Baba Atupele. Jioni zote zile yeye ndiye aliyenishikia ncha nikisokota, akinitania, "Mashoto wangu, kamba zako zinatembea kinyumenyume." Anazijua kuliko mtu yeyote.

Akatazama chini.

Mwenyekiti akasema wavivu wasubiri. Leo wanaume wameezeka kwa wifi, na mume wangu alikuwa juu ya fito, anakaza kamba zangu.

Aliporudi akasema, "Yaishe, mama. Ni dada yangu."

"Na mimi ni nani kwako?"

Akavuta kigoda, akanawa mikono. Wizi wa wifi ningeweza kuumeza. Lakini kule kutazama kwake chini mkutanoni, hapana.

Bado nampenda, ndiyo shida yenyewe. Ugali nimempakulia, wa moto. Lakini kumngoja aseme, basi tena.

Kesho nashuka mtoni upya. Safari hii nitasokotea mbele ya ofisi ya kijiji, kila mtu aone mkono wangu unavyokwenda. Na jirani anayepanda kwetu Ileje nitampa ujumbe kwa mama yangu. Mama aniletee kisu kidogo cha kumenyea, chumvi, kipande cha sabuni, kaniki ya kumfunika Atupele, na kaka yangu mkubwa, kwa siku moja tu, aniezekee.